Mkanda wa FRP umebanduka kwenye zege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

FRP ni kitu gani hasa?

Ni polima iliyoimarishwa kwa nyuzi: nyuzi za kaboni, kioo au aramidi zilizoshikwa pamoja kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili inayokauka ikawa ngumu. Kwenye kazi za kuongeza nguvu majengo na madaraja huja kwa sura mbili. Kuna mkanda mgumu uliokwisha kutengenezwa kiwandani, mara nyingi unene wa milimita 1.2 au 1.4, unaobandikwa kwa gundi nzito kama pati. Halafu kuna kitambaa laini kinacholoweshwa epoksi na kukaukia palepale juu ya boriti au nguzo.

Mkanda wa kaboni wa kawaida huvumilia mvuto wa megapaskali 2,800 hivi (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba) kabla ya kukatika. Nondo ya ujenzi huanza kulegea kwenye 460 au 500. Zege, likivutwa, huachia kwenye 2 au 3 tu. Kila nguvu inayoingia kwenye mkanda hupitia kwenye ngozi ya zege, kwa hiyo hesabu ya kazi nzima hutawaliwa na yule mnyonge wa tatu.

Mkanda ukibanduka, si gundi ndiyo mbovu?

Mara nyingi sivyo, ingawa gundi ndiyo hulaumiwa kwanza. Ugeuze mkanda uliobanduka uutazame mgongoni kabla ya kumlaumu mtu.

Ukikuta tabaka la zege la milimita chache limeng'ang'ania mgongoni, mchanga na vipande vya kokoto vikionekana wazi, gundi ilifanya kazi yake na zege ndilo lililoachia. Ukikuta unga mweupe laini usio na kokoto, huo ni utando wa maziwa ya saruji ambao haukusagwa wakati wa kuandaa uso. Gundi safi yenye mng'aro, na kwenye boriti hakuna hata doa lake, ina maana uso ulikuwa na mafuta, vumbi au unyevu. Kinyume chake, gundi ikibaki yote kwenye boriti na mkanda ukatoka mweusi safi, mkanda haukufutwa, au ile ngozi ya kinga ya kiwandani haikuchunwa. Gundi iliyogawanyika katikati, nusu huku nusu kule, hasa ikiwa bado inabonyezwa kwa ukucha, haikuchanganywa sawasawa au haikukauka.

Ni hali ya kwanza tu inayoweza kuitwa kushindwa kwa halali. Nyingine zote ni makosa ya siku ya kazi.

Kubanduka huanzia wapi kwenye boriti?

Kuna njia tatu zinazojirudia.

Ya kwanza huanzia katikati. Boriti ikipinda, ufa hufunguka chini, na mkanda unaovuka ufa huo huvutwa ghafla pande zote mbili. Mshiko huachia mdomoni mwa ufa, kisha kubanduka kukakimbilia kwenye ncha ya mkanda. Hii ndiyo ya kawaida kwenye boriti ndefu na sakafu za zege.

Ya pili huanzia mwisho wa mkanda. Pale mkanda unapokoma, boriti hubadilika ghafla kutoka ngumu kwenda laini, na pembeni hapo mkazo hujikusanya. Ufa hutokea kwenye ncha, hupanda kwa mshazari hadi usawa wa nondo za chini, halafu husafiri kando ya nondo. Kava yote, yaani zege linalofunika nondo, hudondoka ikiwa bado imeshikana na mkanda. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani boriti imepasuka katikati ya unene wake. Nondo hubaki uchi, na ringi (vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo) zinaonekana.

Ya tatu huletwa na ufa wa mshazari wa nguvu ya mkato, ile inayotaka kuikata boriti kwa kukingama. Upande mmoja wa ufa hushuka kidogo kuliko mwenzake, na mkanda huchunwa kama plasta ya kidonda inavyovutwa kutoka juu. Ukiwa na boriti iliyopungukiwa ringi, kubandika mkanda chini peke yake hakuisaidii. Tatizo la mkato litatuliwe kwanza.

Zote tatu hutokea ghafla. Nondo ikizidiwa hurefuka, boriti ikalegea na watu wakaona. Mkanda haulegei: hutoa mlio, na umeshaanguka.

Mkanda una megapaskali 2,800. Kwa nini mhandisi anatumia 760 tu?

Kwa sababu utabanduka kabla ya kukatika. Mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, huweka kikomo cha kurefuka kwa mkanda kwa kanuni hii: 0.41 mara kipeuo cha pili cha [nguvu ya zege ÷ (idadi ya tabaka × ugumu wa nyuzi × unene)].

Chukua zege la megapaskali 25 na mkanda mmoja wa milimita 1.2 wenye ugumu (ukaidi wa kurefuka) wa megapaskali 165,000. Jibu ni 0.0046, yaani mkanda unaruhusiwa kurefuka kwa asilimia 0.46. Ungekatika kwenye asilimia 1.7 hivi. Zidisha kwa ugumu upate megapaskali 760. Kwa upana wa milimita 100, hizo ni kilonyutoni 91 (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100).

Basi nikiweka tabaka mbili nitapata mara mbili?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Rudia hesabu ileile kwa tabaka mbili: kikomo kinashuka hadi asilimia 0.33, mkazo unakuwa megapaskali 538, na nguvu yote ni kilonyutoni 129. Umelipia mkanda mara mbili ukapata ongezeko la asilimia 41. Tabaka la tatu ni hasara zaidi.

Kadiri mkanda unavyokuwa mnene ndivyo unavyozidi kuwa mkaidi kufuata mwendo wa zege, na ndivyo unavyochuna ngozi yake mapema. Nafasi ikiwepo, ni afadhali mikanda miwili ya milimita 100 ikae sambamba kuliko kupandiana.

Nikirefusha mkanda zaidi, si mshiko utaongezeka?

Hadi kiasi fulani tu. Kuna urefu ambao ukishaupita, sentimita za ziada hazibebi chochote, kwa sababu kwa wakati mmoja ni kipande kifupi tu cha mshiko kinachofanya kazi. Kanuni ya watafiti Chen na Teng ya mwaka 2001 hutoa urefu huo: kipeuo cha pili cha (ugumu × unene ÷ kipeuo cha pili cha nguvu ya zege). Kwa mkanda wetu wa hapo juu ni milimita 199, karibu sentimita 20.

Kanuni hiyohiyo inasema mkanda wa milimita 100 juu ya zege lenye upana wa 200, ukivutwa kutoka ncha moja, utaachia kwenye kilonyutoni 42 hivi, wakati wenyewe ungekatika kwenye 336. Katikati ya boriti hali ni nafuu, maana mkanda una nguvu kila upande wa ufa na kinachohamia kwenye zege ni tofauti yake tu. Ndiyo sababu hesabu ya awali ilitupa 91.

Hata hivyo usikate mkanda mfupi. Ncha ipitishwe mbali na eneo lenye nyufa, kuelekea kwenye nguzo, ili kuwe na urefu kamili wa mshiko baada ya sehemu ambako boriti huanza kupasuka. Tabaka zikiwa zaidi ya moja, zikatwe kwa ngazi: ya ndani iwe ndefu kuliko ya nje kwa angalau milimita 150.

Ncha ya mkanda inashikiliwa na nini?

Kinachozuia kava isidondoke ni kitambaa cha FRP kilichofungwa kwa umbo la U, kikipita chini ya boriti na kupanda pande zote mbili. Kwa ACI, nguvu ya mkato kwenye ncha ikizidi theluthi mbili ya ile ambayo zege peke yake linabeba, U hiyo si hiari. Ipandishwe juu iwezekanavyo. U ya kimo cha sentimita 10 kwenye boriti ya sentimita 60 ni pambo. Kona za chini za boriti zisagwe ziwe duara la angalau milimita 13, vinginevyo nyuzi zitakatikia hapo.

Boliti zinazopitishwa moja kwa moja kwenye mkanda wa nyuzi za upande mmoja huupasua kwa urefu. Zikilazimu, ziwe na bamba la chuma juu, na kati ya chuma na kaboni liwekwe tabaka la nyuzi za kioo, kwa sababu kaboni ikigusana na chuma penye unyevu huharakisha kutu.

Nitajuaje kama zege langu linafaa?

Masharti mawili ya chini: nguvu ya mgandamizo isiwe chini ya megapaskali 17, na ngozi ya zege ikivutwa isiachie chini ya megapaskali 1.4. La pili ndilo huangusha majengo mengi ya zamani, na haliwezi kukisiwa kwa macho.

Kipimo chake ni cha kuvuta. Gundisha kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 50, kata duara kukizunguka, kisha vuta taratibu kwa mashine ndogo ya mkono. Megapaskali 1.4 juu ya kisahani hicho ni kilonyutoni 2.75, karibu uzito wa kilo 280. Nambari peke yake haitoshi. Andika pia kilipoachia. Kipimo kikirudiwa baada ya mkanda kubandikwa (kwa kiwango cha Marekani ASTM D7522), mkato uingie ndani ya zege milimita 6 hadi 12, la sivyo utakuwa unapima eneo pana kuliko kisahani. Jibu linalotakiwa ni kisahani kinachotoka na kipande cha zege chini yake. Kikitoka na gundi tupu, hata kama nambari imefika, usikubali bila kutafuta sababu.

Pwani kuna adui mwingine. Chumvi ikishafika kwenye nondo, kutu huvimba na kuisukuma kava kutoka ndani. Kubandika kaboni juu ya kava hiyo ni kumfunga bandeji mtu mwenye jipu. Gonga boriti yote kwa nyundo. Panapolia kama debe, vunja hadi nyuma ya nondo, safisha kutu, jaza kwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ya kukarabatia, subiri ipate nguvu, ndipo uzungumze habari ya FRP. Nyufa zenye upana wa milimita 0.3 na zaidi zijazwe epoksi kwa shinikizo kabla ya kubandika.

Uso unaandaliwaje?

Hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayoharakishwa. Lipu na rangi zote ziondoke. Kisha saga kwa grainda yenye diski ya almasi, au piga mchanga kwa kompresa, hadi kokoto zianze kuonekana. Uso uliobaki na rangi moja ya kijivu, laini kama ubao wa darasani, haujasagwa. Vinundu na mistari ya mbao za zege isizidi kimo cha milimita 1. Mashimo yajazwe pati ya epoksi.

Pitisha rula ndefu iliyonyooka chini ya boriti. Uso uliobonyea kwenda juu ni wa hatari: mkanda ukivutwa hutaka kunyooka, hivyo hujisukuma wenyewe mbali na zege mahali hapo.

Vumbi lifyonzwe kwa mashine. Kupuliza kwa kompresa inayovuja mafuta ni kupaka grisi juu ya kazi yako. Kupangusa kwa tambara lenye maji kabla tu ya gundi nako ni kosa.

Mkanda wenyewe ufutwe kwa asetoni kwa kitambaa cheupe. Utatoka mweusi mara ya kwanza na ya pili. Endelea kubadilisha kitambaa mpaka kibaki cheupe, kisha acha dawa ikauke kabla ya kupaka.

Kwa nini kazi ya asubuhi mapema huharibika pwani?

Umande. Zege hupoa usiku, na hewa yenye unyevu ikiligusa huacha maji membamba yasiyoonekana, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sharti la kawaida ni joto la uso wa zege kuzidi joto la umande (lile ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa maji) kwa nyuzi 3.

Chukua asubuhi ya Dar es Salaam au Mombasa: hewa nyuzi 28, unyevunyevu asilimia 85. Joto la umande ni nyuzi 25.2. Kwa hiyo zege lazima liwe na 28.2 au zaidi, na boriti ya ndani iliyopoa usiku kucha haitakuwa nayo. Kipimajoto cha uso na kipima unyevu vikae kwenye jukwaa, na vipimo viandikwe kila baada ya saa chache pamoja na saa yenyewe.

Unyevu una madhara mengine. Epoksi nyingi zikikauka kwenye hewa nzito hutoa utando wa mafutamafuta juu yake. Tabaka linalofuata likipakwa hapo halishiki. Osha kwa maji na sponji, kausha, kwaruza kwa msasa, ndipo uendelee.

Gundi inaharibikiaje kwenye ndoo?

Kwa uwiano, kwa muda na kwa joto. Gundi nyingi za mikanda huchanganywa 3 kwa 1 kwa uzito, gundi yenyewe 3 na kikaushi chake 1. Pima kwa mizani au tumia makopo kamili, usikisie kwa jicho. Kuongeza kikaushi ili ikauke haraka hakufanyi hivyo: kikaushi kilichozidi hubaki kimelala ndani, na gundi huwa laini daima. Changanya kwa drili ya mwendo wa polepole kwa dakika 3, ukikwangua pembeni na chini ya ndoo, hadi michirizi ya rangi mbili iishe kabisa.

Mchanganyiko hutoa joto wenyewe, na ukiwa mwingi kwenye ndoo hujipika. Joto la hewa likipanda kwa nyuzi 10, muda wa kufanya kazi hupungua kwa karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, uimwage kwenye sinia pana. Gundi iliyoanza kuvuta nyuzi kama ulimbo haifai tena, hata kama mwenye mali analalamika.

Kwenye mkanda ipakwe kwa umbo la paa la nyumba, nene katikati na nyembamba pembeni, ili inapobanwa hewa itokee kando. Sukuma kwa rola ngumu ya mpira hadi gundi ichungulie pande zote mbili. Upande mkavu usiochungulia kitu una uwazi ndani. Kitambaa kinapitiwa rola kwa mwelekeo wa nyuzi tu. Ukienda na kurudi kwa kukingama, unazipindisha.

Nimegonga nikasikia mlio wa uwazi. Nibomoe?

Inategemea ukubwa. Kwa kitambaa kilicholoweshwa, ACI hukubali uwazi wa chini ya milimita za mraba 1,300, yaani kama sentimita 3.6 kwa 3.6, mradi jumla yake isizidi asilimia 5 ya eneo na usiwe zaidi ya 10 kwenye mita moja ya mraba. Uwazi unaozidi milimita za mraba 16,000, takriban sentimita 12.6 kila upande, hukatwa na kuwekwa kiraka chenye tabaka zilezile. Wa katikati huweza kujazwa epoksi kwa sindano. Gonga kwa sarafu au nyundo ndogo, uzungushie chaki, upige picha. Uwazi ulio kwenye ncha ya mkanda uchukuliwe kwa uzito zaidi kuliko ukubwa wake.

Jua kali na moto je?

Epoksi nyingi zinazokaukia kwenye jengo hulainika kati ya nyuzi 60 na 82. Joto la matumizi libaki nyuzi 15 chini ya hapo, kwa hiyo mkanda mweusi juu ya paa la zege linalochomwa na jua upakwe rangi nyeupe ya kinga, na gundi ichaguliwe kwa kuangalia nambari hiyo kwanza.

Moto ukiwaka, hesabu mshiko umekwisha. Ndiyo maana jengo bila FRP linatakiwa liweze kubeba mara 1.1 ya uzito wa kudumu pamoja na mara 0.75 ya uzito wa matumizi. Lisiloweza halifai kuokolewa kwa mkanda wa kubandika.

Nguzo zilizozungushiwa kitambaa nazo hubanduka?

Si kwa namna hii. Kitambaa kikizunguka nguzo yote na kujifunika chenyewe, kinaibana kama pete za pipa. Kinachohitajika ni kugusana. Muungano wa kitambaa kwa kitambaa ndio wa kuangalia.

Hakuna njia ya kukwepa ngozi dhaifu ya zege?

Ipo: kata mfereji kwenye kava, ingiza mkanda mwembamba au fimbo ya FRP ndani, ujaze epoksi. Mshiko hupatikana pande mbili na zaidi ndani ya zege. ACI huruhusu hapo asilimia 70 ya uwezo wa mkanda kurefuka. Kwa fimbo, mfereji uwe angalau mara 1.5 ya kipenyo, kwa hiyo pima kava kwanza. Kwenye kava ya milimita 15 msumeno utakutana na ringi.

Teknolojia hii imejaribiwa wapi?

Mfano unaotajwa sana ni daraja la Ibach karibu na Lucerne, Uswisi, lenye urefu wa mita 228. Wakati wa kutoboa kwa ajili ya taa za barabarani za kuongozea magari, kebo ya chuma iliyokazwa ndani ya zege ilikatwa. Mwaka 1991 lilitengenezwa kwa mikanda mitatu ya kaboni ya mita 5, upana wa milimita 150, unene wa 1.75 na 2, kwa kazi ya watafiti wa EMPA, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa vifaa, wakiongozwa na Urs Meier. Kaboni yote ilikuwa na uzito wa kilo 6.2; kwa mabamba ya chuma zingehitajika 175, pamoja na majukwaa ya kuyainua.

Mkanda umebanduka lakini haujakatika. Naweza kuurudishia?

Usiurudishie. Mgongoni una zege lililovunjika, nyuzi zimekunjwa wakati wa kuanguka, na boriti nayo imepoteza ngozi. Punguza mzigo juu ya boriti na uweke nguzo za muda chini yake. Piga picha pande zote mbili za mkanda kabla mtu hajazifagia, na uhifadhi vipande vyenye ncha. Saga boriti hadi zege zima, jaza panapohitajika, pima mvuto upya mahali kadhaa, kisha mhandisi arudie hesabu kwa nambari alizopata na si zile za michoro ya zamani. Mkanda uwe mpya.